Kabla ya kusifu bia mpya, waulizeni wamama wa munkoyo

LIKASI, Haut-Katanga – Bia mpya ikifika mjini hapa, haifiki kimya. Inatanguliwa na gari lenye vipaza sauti, muziki mkubwa, vijana waliovaa fulana za rangi moja na bendera zinazofungwa kwenye terasi za Kikula na za katikati ya mji. Kwa siku chache bei inashushwa, vizibo vinaficha zawadi, na kila mtu anataka kuonja. Kisha gari linaondoka, bei inarudi mahali pake, na wanywaji wanabaki wakibishana: ni nzuri, au ni maji tu?

Katika ubishi huo kuna watu ambao hawaulizwi. Ni wale wanaojua kupika pombe kwa mikono yao: wamama wanaoamka alfajiri kupika munkoyo na kuubeba sokoni kwa bidoni, na wale wanaochemsha lutuku nyuma ya nyumba. Ukikaa nao kwenye kibao kidogo pembeni ya soko, utasikia maoni makali kuliko tangazo lolote la redio. Maoni hayo yanastahili kusikilizwa, na si kwa sababu ya ladha peke yake. Kila chupa mpya ya bei nafuu inagusa sufuria ya familia nyingi za Likasi, na zaidi ya zote, familia zilizohama makwao kwa ajili ya vita.

Hukumu ya wanaojua kupika

Neno la kwanza wanalolitoa wapikaji wengi kuhusu bia nyeupe ya kiwandani ni fupi: maji. Hawasemi kwamba ni mbaya. Wanasema kwamba haina uzito. Munkoyo ulioiva vizuri unakaa mdomoni. Una unga ndani yake, una utamu wa mahindi na uchachu unaofuata nyuma, na mtu aliyekunywa vikombe viwili vikubwa asubuhi anaweza kufika mchana kabla ya kuulizia bukari. Bia nyeupe inapita kooni na kwisha. Imechujwa mpaka unaona vidole vyako upande wa pili wa bilauri. Kwa mama wa munkoyo, kilichochujwa pale ndicho chakula chenyewe.

Hukumu ya pili inahusu baridi. Bia nyepesi inapendeza ikiwa baridi sana, kwa sababu baridi inaficha upungufu wa ladha. Iache mezani nusu saa katika joto la mwezi wa 10, uionje tena, ndipo utajua ulinunua nini. Na kusema baridi ni kusema umeme. Hapo watu wa Likasi wanacheka bila furaha. Maji ya mto Lufira yanazungusha mitambo ya Mwadingusha tangu mwaka 1930, si mbali na mji huu. Mitambo hiyo ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kuunganishwa tena mwaka 2021, ili kusaidia kulisha mgodi wa Kamoa-Kakula upande wa Kolwezi. Lakini mitaani friji nyingi zinalala bila moto. Munkoyo hauna haja ya friji. Bidoni iliyofunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji na kuwekwa kivulini inatosha.

Hukumu ya tatu ni ya mfuko. Bia inauzwa chupa nzima, ile kubwa ya sentilita 72 au 73, na asiye na chupa tupu ya kurudisha analipa zaidi. Munkoyo unauzwa kwa kikombe. Mwenye franka chache anapata kikombe kidogo, mwenye nyingi anapata kikubwa, na mteja anayejulikana anaweza kunywa leo na kulipa siku ya mshahara. Kampuni ya bia haijui jina la mteja wake. Mama wa munkoyo anajua jina lake, jina la mke wake, na siku aliyokosa kazi.

Hukumu ya nne inaweza kumshangaza msomaji, kwa sababu ni ya heshima. Wapikaji wazuri wanakubali kwamba kiwanda kina jambo moja wanalolitamani: chupa ya leo inafanana na chupa ya mwezi uliopita. Munkoyo haufanani hivyo. Mizizi ikiwa mikavu mno, unga ukiwa wa zamani, usiku ukiwa wa baridi, ladha inabadilika na wateja wanaona. Mtu ambaye hajawahi kumwaga sufuria nzima kwa sababu imeharibika hawezi kujua ugumu wa kupika kitu kimoja kila siku kwa ladha moja. Wao wanajua, ndiyo maana hawacheki kazi ya kiwanda. Wanachocheka ni sifa kubwa zinazopewa kinywaji ambacho, kwa ladha, hakikujaribu kitu kigumu.

Mzizi na kimea, kazi moja

Wapo wanaoamini kwamba munkoyo ni mambo ya kijijini, na kwamba bia ya chupa ni kazi ya wenye elimu. Waangalie vizuri kinachotokea ndani ya sufuria.

Mama anapika uji wa unga wa mahindi kwa muda mrefu, mwepesi kuliko bukari. Anauacha upoe, lakini si kabisa. Ndipo anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa mpaka ikawa nyuzi nyuzi. Baada ya muda uji uliokuwa mzito unalegea, unakuwa majimaji, na unaanza kuwa mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Mizizi hiyo ni ya mimea ya jamii ya maharagwe, hasa zile ambazo wataalamu wanaziita Rhynchosia na Eminia, na ndani yake mna vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Uji ukiwa moto mno, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki uji. Ukiwa umepoa mno, vinafanya kazi polepole na uchachu unatangulia utamu. Mama hana kipimajoto. Ana mkono wake, na mkono huo ulifundishwa na mama yake.

Kiwandani, kazi hiyohiyo inafanywa na kimea cha shayiri. Punje za shayiri zinaloweshwa, zinaachwa zichipue, kisha zinakaushwa kwa moto mdogo ili rangi ibaki nyeupe. Zikitiwa kwenye maji ya moto, vimeng'enya vyake vinakata wanga kuwa sukari, kama mzizi wa munkoyo unavyofanya. Baadaye yanatiwa maua machungu ya mmea uitwao hopsi, na chachu inayopenda baridi inafanya kazi polepole, karibu nyuzi 8 hadi 13. Bia inapumzishwa, inachujwa, inapashwa moto kidogo kuua vijidudu, inafungwa. Bia nyeupe ya kwanza ya namna hii ilipikwa mwaka 1842 katika mji wa Plzeň, katika nchi inayoitwa leo Cheki, na mpikaji kutoka Bavaria aliyeitwa Josef Groll. Karibu kila bia ya rangi ya dhahabu inayouzwa duniani leo ni mjukuu wa ile.

Tena, ili bia ya soko kubwa iwe nyepesi na ya bei ndogo, viwanda vingi vinapunguza shayiri na kuongeza mahindi au mchele. Basi mahindi yapo kwenye chupa na yapo kwenye bidoni. Tofauti ni kwamba shayiri na hopsi za chupa zinanunuliwa ng'ambo kwa dola, wakati mzizi wa munkoyo unachimbwa porini, unauzwa kwa vifungu sokoni, na pesa yake inabaki hapa.

Kwa hiyo mama wa munkoyo akisema bia fulani ni maji, hasemi kwa wivu wa mtu asiyejua. Ni fundi anayehukumu kazi ya fundi mwingine.

Miaka karibu mia ya kukaa jirani

Bia ya chupa si mgeni Katanga. Simba ilizaliwa Lubumbashi katika miaka ya 1920, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Bralima, yenye Primus, iliundwa mwaka 1923 kule Kinshasa, iliyokuwa Léopoldville. Leo Brasimba iko chini ya kundi la Castel la Ufaransa, na Bralima ilikuwa kwa muda mrefu chini ya Heineken ya Uholanzi. Karibu miaka mia sasa, bia ya kiwanda na pombe ya nyumbani zinakaa mtaa mmoja, wakati mwingine kwenye meza moja.

Ila hazikutendewa sawa. Mwaka 1919, mkataba uliotiwa sahihi Saint-Germain, Ufaransa, ulikataza kutengeneza na kuuza vileo vikali vya mvuke katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ya Wabelgiji ikiwemo. Lutuku ikawa kitu cha kufichwa tangu zamani hizo. Mzee aliyekulia katika kambi za Union Minière anakumbuka hofu ya wamama siku polisi walipopita. Uhuru ulikuja mwaka 1960, Jadotville ikaitwa Likasi, Union Minière ikawa Gécamines, lakini hofu ya mama mwenye sufuria haikuondoka kabisa. Bia ya chupa ina karatasi, ina mhuri, ina bango barabarani. Pombe ya nyumbani ina mlango wa nyuma.

Halafu kampuni ikaanguka. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Mpango uliitwa wa kuondoka kwa hiari, na wengi waliosaini hawakuwa na chaguo lingine, kwa kuwa mishahara ilikuwa haijalipwa kwa miezi mingi. Pesa ya mwisho ilikwisha upesi. Nyumba nyingi za Shituru na Panda ziliendelea kula kwa sababu mama aliuza kitu: unga, makala, mafuta, samaki, na munkoyo. Watoto waliosomeshwa kwa sufuria hiyo ni watu wazima leo. Baadhi yao ndio wanaokaa kwenye terasi wakisema munkoyo ni kinywaji cha watu wa chini.

Familia iliyohama inaanza na sufuria

Mji huu unajua maana ya kuhama. Mwaka 1992 na 1993, wakati wa kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai, maelfu walilala kwenye shule na karibu na stesheni ya Likasi wakingoja treni. Miaka iliyofuata, vita vya Mai-Mai viliwasukuma watu wa Mitwaba, Pweto na Manono, eneo lililoitwa pembetatu ya kifo, kutafuta usalama kusini. Kila mara hali inapochafuka huko kaskazini, familia zinashuka tena, na baadhi zinafika hapa zikiwa na mtoto mgongoni na kifurushi kichwani.

Familia kama hiyo inaanza vipi? Haina shamba. Haina mtaji. Mara nyingi haina karatasi. Kuchimba madini kunataka nguvu na mtu wa kukuingiza. Kulima kunataka ardhi na msimu. Lakini mama aliyejua kupika munkoyo kwao anaweza kuazima sufuria kwa jirani, kununua mizizi kifungu kimoja na unga kilo chache, na kesho kutwa yake ana kitu cha kuuza. Haoni aibu, kwa sababu kazi hiyo anaijua kuliko wanunuzi wake. Tena wanunuzi wake wa kwanza ni watu wa kwao, ambao wanataka kuonja ladha waliyoiacha nyumbani. Pembeni ya bidoni lile watu wanapashana habari: nani amefika, njia ipi imefunguka, nani amezikwa.

Ndiyo sababu swali la bia mpya ya bei nafuu si la wanywaji peke yao. Kampuni inapoamua kushuka bei ili kumpata mtu wa kikombe, mteja inayemtafuta ni yule wa mama huyu. Ni halali, ni biashara. Lakini kampuni ikipoteza vita hiyo, itafungua chupa nyingine yenye jina jingine. Mama akiipoteza, mtoto anarudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Na pigo lake halitoki kwa bia peke yake. Haut-Katanga inategemea sana mahindi ya Zambia. Ukame wa mwaka 2024 ulipoiharibu mavuno ya Zambia, na Rais Hichilema akatangaza janga la taifa mwezi wa 2, kila nyumba ya hapa ilielewa maana yake kwa bei ya mfuko wa unga. Kampuni kubwa ina ghala na mikataba. Mama wa munkoyo ananunua unga wa leo kwa bei ya leo.

Kenya ilikwisha kujaribu

Yanayoweza kutokea si ya kubahatisha, kwa sababu jirani walikwisha kuyaona. Mwaka 2004, kampuni ya East African Breweries ya Kenya ilitoa bia iliyoitwa Senator, iliyouzwa kwenye vikombe kutoka pipa la chuma. Serikali iliisamehe ushuru kwa nia iliyosemwa wazi: kumtoa mtu maskini kwenye chang'aa, ambayo ni ndugu wa lutuku, na kumpa kitu safi kwa bei anayoiweza. Watu waliipokea. Baadaye ikapikwa kwa mtama, na wakulima wa mtama wakapata soko.

Mwaka 2013 serikali ikaweka ushuru wa asilimia 50. Bei ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya, na wanywaji hawakuacha kunywa. Walirudi kwenye vileo vya kificho. Mwaka 2014 watu wengi walikufa Kenya, wengine wakapofuka, baada ya kunywa vileo vilivyotiwa methanoli, kemikali ya viwandani. Mwaka 2015 serikali ilirudisha msamaha mkubwa wa ushuru.

Wakenya walijifunza mambo mawili, na yote yanaihusu Likasi. La kwanza, bia nyepesi ya bei ndogo inaweza kuokoa maisha, na wapikaji wa nyumbani wasikatae hilo. La pili, bei ikiamuliwa mbali, maskini anarudi alikotoka, na akirudi anakuta hali mbaya kuliko aliyoiacha, kwa sababu wapikaji waaminifu wamekwisha kufunga na waliobaki ni wale wa haraka.

Mbali zaidi, kule Australia, ipo nchi ambayo haikuona sababu ya kugombanisha pande hizi mbili. Sheria iliyozuia watu kupika bia ya kawaida nyumbani iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya Coopers ya mji wa Adelaide, iliyoanza mwaka 1862, inauza bia ya chupa, na inauza pia kimea kilichotengenezwa tayari kwa watu wanaotaka kupika nyumbani. Huko bia nyeupe mpya ya soko kubwa ikitoka, wapikaji wa nyumbani wanaichambua bila kuogopa: kama ni nyepesi mno wanasema ni nyepesi mno, na kama imepikwa kwa usafi wanasema hivyo. Wao wanapika kwa kujifurahisha, si kwa kulisha watoto, na hiyo ni tofauti kubwa. Lakini hakuna polisi anayepindua sufuria zao, na kiwanda kinawahesabu kuwa wateja.

Ubaya usifunikwe

Mtu mwaminifu hawezi kuandika juu ya pombe ya nyumbani kama vile yote ni baraka. Munkoyo na lutuku si kitu kimoja, na wanaozichanganya, wawe polisi au wanywaji, wanawakosea wote.

Munkoyo wa siku ya kwanza ni mtamu na hauna kileo cha kuhesabika. Ndiyo maana unanyweka hata na watoto na mama wajawazito. Ukiachwa siku mbili au tatu, unakuwa mkali, na hapo si wa mtoto tena. Mama anayeuza bidoni la siku ya tatu kwa kijana wa shule akisema ni munkoyo tu, anadanganya.

Lutuku ni jambo jingine. Ni kileo cha mvuke, kikali mara nyingi kuliko bia, ambayo ina karibu asilimia 5. Imevunja nyumba, imekula mishahara ya wachimbaji kabla haijafika kwa wake zao, na imewazeesha vijana. Katika mji wa madini kuna hatari nyingine: pipa. Pipa lililowahi kubeba kemikali za kiwanda, hata likioshwa mara kumi, si la kupikia kitu cha kunywa. Anayelitumia kwa sababu ni rahisi anauza sumu bila kujua.

Walokole na mapadri wanaosema pombe inaharibu familia hawasemi uongo. Lakini waangalie pia upande wa pili wa terasi. Mshahara unaoishia kwenye chupa kumi za bia nyeupe yenye bango zuri umeishia vilevile. Tofauti ni kwamba faida ya chupa hizo haibaki Likasi.

Yanayowezekana

Hakuna anayedai bia mpya izuiwe. Mnywaji ana haki ya kuchagua, na kijana anayepata kazi ya kushusha makreti naye ana familia. Yanayodaiwa ni madogo, na yote yanawezekana hapa.

Mji na komini zake nne zinaweza kutenga munkoyo na lutuku katika mawazo na katika vitendo. Munkoyo ni chakula. Wauzaji wake wapewe sehemu safi sokoni yenye maji ya bomba, walipe kodi inayojulikana kwa risiti, na wasisumbuliwe na kila anayepita na kofia. Mama wengi wanatoa pesa kila siku, ila haifiki kwenye hazina ya mji. Kodi moja ya haki ingeingiza zaidi na kuumiza kidogo.

Watu wa afya wanaweza kuwafundisha wapikaji mambo machache: kuchemsha maji, kuosha bidoni kwa maji ya moto, kutotumia mapipa ya kemikali, kuandika siku ya kupika kwenye kila bidoni. Mashirika yanayosaidia waliohama, yanayogawa mbegu na sabuni, yanaweza kufikiria pia sufuria nzuri na bidoni safi kwa mama anayejua kazi hiyo. Na kwa yule anayechemsha lutuku kwa kukosa njia nyingine, msaada huo ungekuwa mlango wa kutokea. Faini peke yake haijawahi kumtoa mtu kwenye lutuku. Inampeleka kujificha mbali zaidi.

Kampuni za bia nazo zina kazi. Zikitaka kusifiwa kama kampuni za Kongo, zinunue mahindi na mtama kwa wakulima wa hapa, walipwe kwa wakati. Zikipita na vipaza sauti, zisipite mbele ya shule.

Wapikaji wenyewe wasingoje serikali. Wanaojuana wanaweza kukubaliana juu ya jambo moja gumu: munkoyo wa siku ya tatu hauuzwi kwa mtoto, na anayefanya hivyo hasemwi kwa kificho, anasemwa mbele ya wenzake. Likelemba inayokusanya franka za kila wiki inaweza kukusanya pia sifa njema ya kazi. Siku mteja akijua kwamba bidoni la fulani ni safi kila siku, ule ubora pekee wa kiwanda ambao wamama wanautamani utakuwa wao pia.

Na mnywaji? Gari la vipaza sauti likipita tena, anywe akitaka, aonje, asifu kama panastahili sifa. Kisha kabla hajasema kwamba bia hiyo ndiyo bora katika Katanga, apite sokoni, akae kwenye kibao, amwombe mama kikombe kimoja na kumuuliza anaonaje. Jibu huenda likawa neno moja tu. Lakini litakuwa limetoka kwa mtu aliyeamka saa tisa za usiku kupika.